Mwanagenzi si mteja: nani alipie mafunzo ya watu wa urithi?

Tarehe 14 Machi 2025 Rais wa Marekani alitia saini amri ya kuipunguza, hadi pale sheria inaporuhusu, taasisi ya serikali kuu ya nchi hiyo inayogawa ruzuku kwa makumbusho na maktaba. Mnamo Julai mwaka huohuo Marekani ikatangaza kwamba inajitoa UNESCO, shirika lililokuwa likiitegemea kwa takriban asilimia 8 ya bajeti yake. Amri ile ya kwanza ilipingwa mahakamani, lakini katika sekta ya utamaduni na urithi watu hawakusubiri hukumu. Fundisho lililochukuliwa haraka, na ambalo sasa linasikika karibu kila wanapokutana wahifadhi, ni kwamba enzi ya ruzuku imekwisha. Wanaotoa mafunzo kwa wafanyakazi wa makumbusho, nyaraka, malikale na sanaa za jadi, inasemwa, wajigeuze biashara ya kijamii: watoze ada nafuu, wajitegemee, waache kuombaomba.

Nakubaliana na nusu ya fundisho hilo. Biashara ya kijamii, yaani shughuli inayouza huduma kwa bei halali na kurudisha ziada katika lengo lake badala ya kuigawa kwa wenye hisa, ni chombo kizuri cha kutolea mafunzo, na mara nyingi kinamheshimu mwanafunzi kuliko mradi unaoanza na kuisha kwa kalenda ya mfadhili. Hata hivyo, wengi wanaoisifu wamekosea swali la msingi, nalo ni mteja ni nani. Wanadhani mteja ni yule anayeketi darasani, na kwa hiyo mjadala wote umekuwa juu ya ada yake ipunguzwe kiasi gani. Hoja yangu ni kwamba mwanagenzi si mteja wala hawezi kuwa. Biashara ya aina hii husimama pale tu anayelipa anapokuwa mwajiri au mwenye mradi, na pale kinacholipiwa kinapokuwa kazi inayoonekana imefanyika, mafunzo yakiwa ndani ya kazi hiyo. Bila hivyo neno "nafuu" ni tangazo tu.

Historia kidogo inahitajika hapa, kwa sababu wanaozungumza juu ya "kurudi katika kujitegemea" huamini kuliwahi kuwa na wakati ambapo mafunzo haya yalijilipia yenyewe. Hapakuwa na wakati huo. ICCROM, kituo cha kimataifa cha mafunzo ya uhifadhi ambacho kuundwa kwake kuliamuliwa na UNESCO mwaka 1956 na kikaanza kazi Roma mwaka 1959, kimeishi kwa michango ya nchi wanachama. Mpango wake wa PREMA, uliodumu kuanzia 1986 hadi 2000, uliwafundisha watumishi wa makumbusho ya Afrika kusini ya Sahara namna ya kukinga mikusanyo isiharibike, na kutoka katika mkondo huo zikazaliwa taasisi mbili za kudumu barani: moja Porto-Novo mwaka 1998, nyingine Mombasa mwaka 2000. Ilihitajika miaka 14 ya fedha za nje na subira kubwa kufika hapo, na hesabu ya mfuko wa mshiriki mmoja mmoja haikuwa sehemu ya mpango.

Fedha za wafadhili, kwa jumla, zilikuja pia na jambo moja ambalo leo linamkaba koo mwenye biashara ya kijamii: posho. Kwa miongo kadhaa mshiriki wa warsha alilipiwa nauli na malazi, na juu yake akapewa posho ya kila siku. Sitaki kulibeza jambo hilo, maana kwa mtumishi mwenye mshahara mdogo posho ndiyo iliyomwezesha kuacha nyumba kwa wiki mbili. Lakini matokeo yake ni kwamba anayetoza ada, hata iwe ndogo namna gani, hashindani na mwenzake anayetoza zaidi. Anashindana na anayemlipa mwanafunzi ili aje. Sijui biashara nyingine inayoanzia nyuma kiasi hicho.

Ugumu mwingine uko katika gharama yenyewe. Mwaka 1966 wachumi William Baumol na William Bowen walieleza kwa nini sanaa za jukwaani huzidi kuwa ghali hata pale hakuna anayezembea. Wapiga ala wanne wanaopiga kipande kilichotungwa karne mbili zilizopita bado wanahitajika wote wanne, kwa dakika zilezile, ilhali kiwandani mtu mmoja sasa anazalisha kilichokuwa kikizalishwa na watu wengi. Mishahara kwingine ikipanda, ya jukwaani nayo hulazimika kupanda, ingawa hakuna kipya kilichozalishwa. Mafunzo ya mikono yamo katika fungu hilohilo. Mkufunzi mmoja anaweza kusimama nyuma ya watu 10 au 12 na kuona mikono yao. Akisimama nyuma ya 40 anahutubia.

Chukua kazi inayodhaniwa kuwa ndogo kuliko zote: kuandika namba ya usajili juu ya kifaa cha mkusanyo. Unatafuta mahali ambapo namba haitaonekana kifaa kikiwa kwenye maonyesho, wala haitasuguliwa kinapowekwa chini. Unapaka kwa brashi tabaka jembamba la Paraloid B-72, gundi angavu ya akriliki, iliyoyeyushwa katika kiyeyushi cha asetoni, unaacha likauke, unaandika namba kwa wino juu yake, kisha unapaka tabaka la pili la kuikinga. Faida yake ni kwamba namba imekaa juu ya tabaka, wala haikuingia ndani ya kifaa, na siku ikibidi itaondolewa kwa asetoni hiyohiyo. Kwenye plastiki usithubutu, kwa kuwa kiyeyushi kinaweza kuila. Kwenye nguo unashona utepe wenye namba. Maelezo yote hayo yanaingia katika aya moja, kama ulivyoona. Kisichoingia ni jicho linalotambua kwamba kibuyu hiki kimepakwa rangi ambayo itayeyuka pamoja na tabaka lako, mkono unaojua brashi imebeba kiasi gani, na sekunde ile ambapo tabaka linageuka jeupe kama ukungu kwa sababu hewa ina unyevu mwingi na asetoni imekauka haraka mno. Mwanagenzi huona weupe ule akadhani ndivyo inavyotakiwa. Anayemwambia "futa, anza upya" ndiye anayelipiwa.

Ndiyo maana hoja dhaifu kuliko zote katika mjadala huu, ingawa ndiyo inayosikika zaidi, ni ile inayosema kwamba maarifa yapo bure kwenye intaneti, kwa hiyo mafunzo ya kulipia yamepitwa na wakati. Ni kweli miongozo iko bure, mingi yake mizuri sana. Taasisi ya uhifadhi ya Kanada na ICCROM zimefanya kazi ya kupigiwa mfano katika hilo. Lakini mwongozo hauoni weupe wa tabaka. Zaidi ya hapo, ubure wenyewe haujafikisha watu mwisho wa safari. Watafiti waliochambua kozi huria za mtandaoni za Harvard na MIT waliripoti mwaka 2019 kwamba katika mwaka wa masomo 2017–18 waliomaliza walikuwa takriban asilimia 3 ya wote walioshiriki, ilhali miongoni mwa waliolipia cheti kilichothibitishwa walimaliza asilimia 46. Kuna wanaochukua tarakimu hizo kuwa ushahidi kwamba ada huleta bidii. Siendi mbali kiasi hicho: anayelipa mara nyingi ndiye aliyekwisha kuazimia kumaliza kabla ya kutoa fedha. Tarakimu zinachothibitisha ni jambo dogo zaidi, kwamba kufungua mlango hakumfanyi mtu aingie na kukaa, na kwamba kinachomzuia mara nyingi si bei.

Hilo la mwisho nililijifunza kwa kuaibika. Wakati mmoja nilishiriki kuandaa mafunzo ya siku tano ambayo ada yake tuliishusha mpaka hapakuwa na pa kuishusha zaidi. Walijiandikisha 14. Asubuhi ya kwanza walifika sita, na viti vinane vilibaki vimepangwa kila kimoja na brashi yake na jozi ya glavu. Nilipowapigia simu waliokosekana, hakuna hata mmoja aliyetaja ada. Walitaja ruhusa. Mkuu wa kazi alikuwa amekataa, au alikuwa amekubali kwa mdomo na kisha kukatokea mgeni wa kupokelewa, au siku hizo zingehesabiwa katika likizo yao ya mwaka. Tulikuwa tumepunguza gharama ndogo kuliko zote alizonazo mwanafunzi, tukajipongeza kwa hilo, huku kubwa zaidi, yaani muda ambao si wake bali wa mwajiri, tukiwa hatujaugusa.

Hoja yenye uzito zaidi upande wa pili ni ya wale wanaopendekeza bei za ngazi: taasisi tajiri zilipe zaidi, mtu wa makumbusho ya kijiji alipe kidogo. Mfano unaotajwa ni wa hospitali za macho za Aravind nchini India, zilizoanzishwa Madurai mwaka 1976 na daktari Govindappa Venkataswamy, ambako malipo ya wenye uwezo husaidia kugharimia upasuaji wa wasio nao. Mfano huo ni wa kweli na unastahili sifa zake. Ila Aravind inategemea wingi: upasuaji wa mtoto wa jicho umepangwa hatua kwa hatua, unafanyika haraka, na wagonjwa ni wengi mno. Sisi tumekwisha kuona kwamba darasa letu lina viti 12 na haliwezi kunyooshwa.

Fanya hesabu kwa sarafu yoyote unayopenda. Tuseme darasa moja linagharimu 1,200, yaani 100 kwa kila kiti. Wanafunzi sita wakilipa 30 kila mmoja, wanaleta 180, na 1,020 zilizobaki lazima zitoke kwa sita wengine, 170 kila mmoja. Hadi hapo inawezekana. Sasa taasisi mbili za bei ya juu zinaahirisha wiki moja kabla, jambo ambalo kila mwenye kuendesha mafunzo analijua. Zimeondoka 340. Ili kuziba pengo hilo kwa wanafunzi wa bei ya chini ungehitaji viti 12 zaidi, ambavyo huna. Kwa maneno mengine, kiti cha asiye na uwezo kimetundikwa kwenye ahadi ya mwenye uwezo, na ahadi hiyo ikiyumba anayeanguka ni yule wa chini. Bei za ngazi si vibaya, lakini bila malipo ya kabla ya kazi, au mkataba wa mwaka mzima ambao taasisi hununua viti vyake mwezi wa kwanza na kuvitumia inapotaka, ni bahati nasibu.

Kuna pia wanaosema kwamba jambo zima la biashara ni kosa: urithi ni mali ya umma, serikali ndizo zilizoridhia Mkataba wa Urithi wa Dunia wa mwaka 1972 na ule wa urithi usioshikika wa mwaka 2003, basi serikali zilipe. Hawa nawaheshimu, na kimsingi wako sahihi. Shida ni kwamba serikali ikilipa, hulipa mishahara na majengo. Fungu la mafunzo ndilo la kwanza kukatwa mwaka wa bajeti unapobana, kwa kuwa kukatwa kwake hakuonekani kwa miaka mitatu au minne. Aidha sehemu kubwa ya kazi ya urithi inafanywa na watu wasiokuwemo katika orodha ya watumishi wa umma: waashi wanaokarabati majengo ya kale, waongozaji wageni wanaojitegemea, wenye makumbusho ya jamii, wazee wenye maarifa ya ngoma na ufinyanzi, vijana wanaorekodi masimulizi. Hoja ya "serikali ilipe" haiwafikii hao hata ikishinda.

Tukikubali kwamba mwanafunzi hawezi kulipa, kwamba muda ni wa mwajiri na kwamba serikali peke yake haitatosha, njia inayobaki ni kubadili bidhaa. Utafiti wa ICCROM na UNESCO wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba takriban asilimia 60 ya mikusanyo iliyomo maghalani duniani iko hatarini. Mkuu wa makumbusho yenye ghala la namna hiyo hana sababu kubwa ya kununua "mafunzo ya uhifadhi kinga" kwa watumishi wawili watakaokwenda mbali kwa wiki moja na kurudi na vyeti. Ana sababu kubwa sana ya kununua ghala lililopangwa: kila kifaa na mahali pake, kila mahali na alama yake, njia za kupita zikiwa wazi, nguo zenye wadudu zimefungwa katika nailoni isiyopitisha hewa na kugandishwa kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha zikaachwa zirudie joto la kawaida kabla ya kufunguliwa. Kazi hiyo inaweza kufanywa na watumishi wake mwenyewe, ndani ya ghala lake, chini ya mkufunzi, pamoja na wanagenzi wachache kutoka taasisi jirani zisizo na fedha. Mbinu ya RE-ORG ya ICCROM, iliyotengenezwa kwa ajili ya makumbusho madogo yenye maghala yaliyovurugika, imekuwa ikifundishwa hasa hivyo. Tatizo la ruhusa linapungua, kwa sababu watu wako kazini kwao. Tatizo la nauli linabaki la mkufunzi na wale wachache. Na mwenye kulipa anaona alichokinunua akifungua mlango.

Wazo hili halina upya wowote. Mafundi wa Ufaransa wa jadi ya compagnonnage, ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi usioshikika mwaka 2010, wamekuwa wakipitisha ujuzi wa mawe, mbao na chuma kwa kuwazungusha vijana kutoka mji hadi mji wakifanya kazi halisi. Huko kujifunza hakutenganishwi na kazi inayolipwa, na mwenye jengo analipia ukuta, halipii somo.

Hatari yake naijua, na haifai kufunikwa. Mwenye kuuza ghala lililopangwa atashawishika kuwageuza wanagenzi kuwa vibarua wa bei rahisi, akamaliza kazi haraka na kumnyima mhifadhi mwenye taaluma ajira yake. Kinga haiwezi kuwa nia njema. Inapaswa kuandikwa kwenye mkataba: kazi zipi wanagenzi hawazigusi kabisa, kama vile kusafisha uso wa mchoro au kuunganisha kilichovunjika, saa ngapi za kila siku ni za kufundishwa, na kwamba mkufunzi anaweza kusimamisha kazi bila kuomba ruhusa ya anayelipa.

Hatari nyingine ni ya kuteleza polepole. Biashara hufuata kinachouzika, na katika sekta yetu kinachouzika ni warsha za uandishi wa maombi ya fedha, uongozi, na matangazo mitandaoni. Mafunzo ya kuweka na kukagua mitego ya wadudu ghalani hayauziki. Baada ya miaka mitano unaweza kukuta chombo kilichoanzishwa kuwafundisha watunza maghala kimekuwa kampuni ya semina za hotelini, na hesabu zake ni nzuri. Sheria za nchi kadhaa zimejaribu kuweka kufuli. Italia ilitunga sheria ya vyama vya ushirika wa kijamii mwaka 1991. Uingereza tangu 2005 ina kampuni za maslahi ya jamii, ambazo mali zake hazitolewi kwa wanaozimiliki ila kwa mipaka iliyowekwa. Kufuli hizo hulinda fedha na majengo. Mtaala haulindwi na sheria yoyote ninayoijua, na kwa maoni yangu ndio unaoibiwa kwanza. Ningependa kuona bodi za vyombo hivi zikiwa na watunza maghala na mafundi wenye kura, watu watakaouliza kwenye kikao kwa nini mwaka huu hakuna hata somo moja la unyevu.

Kwa hiyo ruzuku haijapoteza kazi, na wanaoshangilia kuondoka kwake wamefurahi mapema. Kazi yake inabadilika. Ghala la mwenye bajeti lilipiwe na mwenye bajeti. Ukarabati wa jengo la kale uwe na kifungu cha mafunzo ndani ya zabuni yake, chenye kiasi kilichotajwa, ili mkandarasi asikifute anapotafuta bei ya chini. Ruzuku ibaki kwa viti vya wasio na mwajiri, ambao hakuna mkataba utakaowabeba, na kwa ziara ya kurudi. Hiyo ya pili haizungumzwi. Ripoti za miradi zina safu ya idadi ya waliofunzwa, na wakati mwingine safu ya waliopewa vyeti. Ni nadra kukuta safu ya ghala lilelile miezi 12 baadaye, kama namba bado zinasomeka, kama kitabu cha kukagua mitego kina tarehe za mwezi huu, kama aliyefunzwa bado yuko kwenye nafasi ile au amehamishiwa masijala. Kurudi kutazama hayo kunagharimu nauli na siku mbili za mkufunzi. Katika miaka yote niliyokaa karibu na shughuli hizi sijaona mteja aliyelilipia jambo hilo kwa hiari yake.